Geti la Mvua

Wajukuu wangu wakikwama dakika kumi kwenye msongamano wa magari pale mjini, wanarudi nyumbani wamekunja uso kama waliotoka matangani. Nawasikiliza tu. Mimi nimewahi kulizuia basi zima, na abiria wake wote, kwa muda wa karibu saa mbili, na barabara imekauka. Hakuna askari aliyenituma. Nililizuia kwa sababu nilikuwa na hasira na dereva. Jambo hili sijawahi kulieleza mbele za watu, na sasa nimezeeka, heri niliseme kabla sijaanza kujidanganya kwamba halikuwa hivyo.

Mimi ni mtoto wa Bondeni, hapa Nakuru. Baba alikuja bara na kazi ya reli, mama akamfuata kutoka Mombasa na masinia yake na mbuzi yake ya kukunia nazi. Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni, kazi zilipatikana kwa mtu kama mimi, maana Wakikuyu, ambao ndio waliokuwa wengi makazini, walikuwa wanaondolewa kwa kushukiwa, wengine wakipakiwa kwenye malori mchana kweupe. Hilo nalo si la kujivunia. Ofisi ya barabara ikaniajiri niwe mlinzi wa geti la mvua kule Subukia, mahali njia inapoanza kupanda mlima kuja Nakuru.

Vijana hawajui geti la mvua ni nini, nami siwalaumu. Barabara zilikuwa za changarawe na udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, gari zito likipita linachimba mitaro, na kesho yake hata mkokoteni haupiti. Kwa hiyo serikali iliweka vizuizi. Changu kilikuwa mti mrefu wa mkaratusi uliolazwa juu ya nguzo mbili, upande mmoja umefungiwa jiwe ili unyanyuke kwa urahisi, upande wa pili kufuli. Mvua ikinyesha, mabasi na malori yanangoja mpaka barabara ikauke. Magari madogo ya Wazungu wa mashamba yalipita tu, kukiwa na mvua au jua. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na sikuwa nimejiuliza kwa nini.

Kando ya kibanda changu cha mabati kulikuwa na mkebe wa jemu juu ya kigingi, ndani umepigwa alama kwa msumari. Maji yakifika kwenye alama, funga. Kufunga kulikuwa kazi ya mkebe. Kufungua kulikuwa kazi ya kisigino changu. Navua viatu, napanda hatua mia moja hivi, nakanyaga kwa kisigino katikati ya njia ya magurudumu. Kikizama, bado. Kikiacha alama tu, fungua. Bwana wa ofisi ya barabara mwenyewe ndiye aliyenifundisha; alivua buti na soksi kunionyesha, mguu mweupe kama unga wa ngano, nami nikajizuia nisicheke. Akaniambia kwamba pale getini hakuna mtu wa kubishana na mimi, hata mwenye basi.

Basi mambo yakanipanda kichwani. Kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye elimu ya madrasa na madarasa manne ya shule, na hakuna tajiri wala dereva angepita mpaka kisigino changu kikubali! Nilikuwa nikitembea barabarani nimetanguliza kifua. Mama akiniona nimekuja likizo ananiuliza, ati, wewe umekuwa gavana tangu lini?

Basi lilikuwa moja tu njia ile. Asubuhi linatoka Subukia kwenda Nakuru, jioni linarudi. Dereva wake alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya ngozi asiyoivua hata kwa jua. Akifika getini hakuwa anapiga honi kama watu wengine, alikuwa anailalia. Aliniita Bwana Mlango. "Bwana Mlango, umeamka? Bwana Mlango, mkebe umesema nini leo?" Abiria wanacheka, nami nacheka, lakini moyoni linaniuma. Hata hivyo tulikuwa tunafaana. Mtu anayekaa getini hana duka wala jirani, na desturi ya njia ile ilikuwa kwamba dereva wa basi ndiye anayemletea mahitaji yake. Mafuta ya taa, sabuni, kiberiti, salamu za nyumbani, vyote vilipitia kwa yule mtu.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani, katikati ya mvua za masika. Nilikuwa nafunga peke yangu, hakuna Mwislamu mwingine ninayemjua mpaka ufike mjini. Mama akanihurumia. Akaenda kituo cha mabasi amejitanda vizuri, akamwomba dereva kwa heshima zote awe ananichukulia kikapu kila Alhamisi jioni. Ndani yake alitia mkate wa sinia, mbaazi za nazi katika bakuli lililofungwa kwa kitambaa, na tende zikipatikana. Alhamisi ya kwanza kikapu kikafika. Ya pili kikafika. Nilikuwa nikihesabu siku kwa ajili ya kikapu kile, sioni haya kusema.

Alhamisi ya tatu basi lilichelewa. Lilikuja jua linazama, nami nimekaa juu ya jiwe langu kando ya geti, midomo imekauka. Nikapokea kikapu, kikawa chepesi. Nikafunua kitambaa. Makombo tu, na bakuli limepanguswa kwa kidole mpaka linang'aa.

"Bwana Mlango," dereva akasema, "hiyo mkate ya mama yako ni hatari! Tumekwama kwa tope huko juu, watu wana njaa, harufu inatuita. Tukasema tuonje kidogo tu."

Basi zima likaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema, mwambieni mama aongeze sukari.

Wallahi, iliniuma. Njaa nilishaizoea, haikuwa njaa. Mama alikuwa na maumivu ya viganja siku zile, kukuna nazi moja kulimchukua asubuhi nzima, na hawa wamekula wakalamba vidole na sasa wanacheka. Nilifuturu kwa maji na kiazi kilichobaki tangu daku. Lakini sikusema neno, na hapo ndipo nilipoanza kukosea. Laiti ningemtukana yule mtu jioni ileile matusi yote ninayoyajua, naye akanitukana, ugomvi ungeisha, kila mtu akaenda zake. Mimi nilinyamaza nikalala na hasira yangu.

Usiku ikanyesha mvua, ikaacha alfajiri. Mkebe ulikuwa umepita alama, nikafunga geti. Kufunga kule kulikuwa kwa haki, hapo sijilaumu.

Basi likafika saa mbili. Nikatoka nikasema barabara imefungwa. Dereva akazima injini, akateremsha kofia usoni, akasinzia, kama alivyokuwa akifanya kila mara. Abiria wakashuka mmoja mmoja, wakatafuta mahali pakavu pa kusimama, wengine wakawasha moto nyuma ya kibanda changu. Ndipo akanijia mwanamke mmoja. Alikuwa mwembamba, umri wake hauzidi wangu, mikono imeparuzwa na matawi ya kahawa. Mgongoni alibeba mtoto mchanga, hajatimiza mwezi. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Bwana, barabara itafunguliwa saa ngapi?"

"Ikikauka."

"Na itakauka saa ngapi?"

"Mungu ndiye anayejua, mama."

Akaikunjua karatasi akanipa. Ilikuwa barua ya ruhusa kutoka kwa karani wa shamba. Siku zile Mkikuyu hakuweza kupanda basi bila barua, na yake ilikuwa ya siku ileile moja, kwenda na kurudi.

"Baba ya huyu mtoto alichukuliwa kabla hajazaliwa," akasema. "Wamemweka kambi ya hapo Nakuru. Leo wanapelekwa mbali, huko chini, na gari la moshi ya saa saba. Karani ameniambia wanapitishwa stesheni kwa miguu, na mtu akisimama karibu na ua anaweza kuonekana. Mimi sitaki hata kuongea na yeye. Nataka tu aone mtoto. Hajui kama ni kijana ama ni msichana."

"Na ni yupi?" nikauliza.

"Ni msichana."

Nikapiga hesabu kichwani. Kutoka getini mpaka Nakuru, barabara ikiwa mbichi, basi lilichukua saa mbili. Akiondoka saa nne anafika vizuri, anatafuta mahali pa kusimama. Akiondoka saa tano atafika kwa kukimbia. Ikipita hapo, amekosa. Nikatazama mawingu, yalikuwa yanaachana. Nikamwambia, "Jua likiwaka hivi, saa nne mtakuwa njiani. Ondoa wasiwasi." Nilimwambia hivyo kwa kinywa changu mwenyewe. Akashukuru, akaenda kukaa juu ya gogo karibu na moto.

Jua likawaka kwelikweli. Saa nne nikavua viatu, nikapanda mlima. Nikakanyaga mara ya kwanza, kisigino kikaacha alama tu. Nikasogea juu zaidi, nikakanyaga tena kwa nguvu. Alama tu. Barabara ilikuwa tayari. Narudia ili mtu asije akanitetea kwamba labda nilikuwa na shaka: saa nne ile barabara ilikuwa tayari, nami nilijua.

Nikateremka nikiwa na ufunguo mkononi. Nilipokaribia nikasikia kicheko. Dereva alikuwa ameamka, amekaa kwenye ngazi ya basi, anawasimulia abiria wa leo habari ya jana. Alikuwa amechukua kitambaa cha mtu, anaigiza jinsi nilivyokifunua kikapu, jinsi nilivyochungulia, jinsi taya lilivyonishuka. Alikuwa fundi wa kuigiza, na watu walikuwa hawana mbavu. Akaniona.

"Bwana Mlango! Kisigino kimesema nini? Ama kimelegea na njaa?"

Nikasema, "Bado."

Lilinitoka hilo neno bila kulipanga. Na lilipotoka, loo, nikalionea utamu! Kicheko kilikatika palepale. Nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda kukaa juu ya jiwe langu.

Nisidhaniwe kwamba nilikusudia kumkosesha yule mama safari yake. Nilifikiri itakuwa dakika kumi, ishirini zikizidi. Nilitaka dereva aje, avue kofia yake, aseme nisamehe ndugu yangu, nimekosa juu ya chakula cha mama yako. Hilo tu. Alipokuja kuniuliza mbona watu wanaona kumekauka, nikamjibu kwamba wapo watu wanaokula futari ya mtu aliyefunga, na watu hao wavumilie kungoja. Hakuwa mjinga, akaelewa.

"Kumbe ni mambo ya mkate?"

"Ni mambo ya tope," nikasema.

"Haya basi. Ngoja tope yako."

Akarudi kwenye usukani, akaubamiza mlango. Yeye akakaa kule juu, mimi nikakaa juu ya jiwe langu, kila mmoja anangoja mwenzake alegee. Na yule mama alikuwa katikati yetu, anatazama jua.

Saa tano kasoro ikaja pikapu ya Mzungu mmoja wa shamba. Nyuma ilikuwa tupu isipokuwa mikebe miwili ya maziwa. Nikanyanyua mti. Yule mama alisimama, akaitazama pikapu, akanitazama mimi. Ningeweza kusema, bwana, tafadhali mchukue huyu mama mpaka mjini. Huenda angekataa, maana woga wa siku zile ulikuwa umewaingia watu wa kila rangi. Lakini sikuuliza. Na unajua kwa nini sikuuliza? Niliona kwamba nikimwombea mama lifti, dereva atajua nimelegea. Upumbavu ulioje! Pikapu ikapita, magurudumu hayakuteleza hata kidogo, na kila aliyekuwepo aliona.

Mama akaja tena. "Bwana, jua iko juu sasa." Nikamjibu bila kumtazama usoni kwamba kule mbele kwenye kona bado kuna maji. Hakukuwa na maji. Akasimama kidogo, akarudi kwenye gogo.

Mara ya tatu hakusema kitu. Alikuja akakaa kwenye kizingiti cha kibanda changu, akamfungua mtoto, akamnyonyesha. Nilimwona yule mtoto usoni, mdogo, nywele zimemlala. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kitu. Nikainua sufuria, nikairudisha. Moyo uliniambia nitoke nifungue, na miguu yangu haikutoka. Nilisema kimoyomoyo, akija tu dereva. Akija sasa hivi, nafungua.

Alikuja ikikaribia saa sita. Mzee mmoja kati ya abiria alikuwa amemwendea dirishani, wakasemezana kwa muda, nikasikia sauti ya mzee ikipanda. Dereva akashuka. Kofia alikuwa ameishika mkononi, na kichwa chake, mara ya kwanza nakiona, kilikuwa na upara.

"Ndugu," akasema, hakusema Bwana Mlango. "Nimekosa. Mwambie mama nimekosa. Sasa fungua, huyu mama wa mtoto anachelewa."

Kumbe alikuwa anajua! Yule mama wa mtoto alikuwa amemweleza habari yake tangu asubuhi alipopanda. Yeye alijua, mimi nilijua, na bado tulikaa pale tukinuniana kama watoto walionyang'anyana muwa.

Nilikimbia kufungua. Basi likapanda mlima bila kuteleza, na mimi nikabaki barabarani. Radhi niliyokuwa nikiitaka nilikuwa nimeipata, na haikunisaidia kitu. Nikasali adhuhuri nikamwomba Mungu gari la moshi lichelewe. Yalikuwa yanachelewa sana siku zile, mara injini, mara makaa, mara ng'ombe wamelala relini. Nikasema mtu aliyefunga dua yake haitarudi bure. Nikaomba tena alasiri, na wakati ule, likiwa halikuchelewa, lilikuwa limeshafika mbali.

Jioni basi likarudi. Halikupiga honi. Nikanyanyua mti, lakini dereva akasimama, akanionyesha kwa jicho dirisha la tatu. Nikaenda. Mama alikuwa amekaa, mtoto amelala mapajani.

"Mama, ulimkuta?"

"Gari ilikuwa imeondoka," akasema. "Moshi yake bado ilikuwa pale." Akamfunika mtoto miguu. Kisha akasema, "Asante kwa kutufungulia."

Aliniambia asante. Nilidhani anaamini kwamba nilikuwa nimefuata sheria, na kwamba tope ndilo lililomzuia. Palepale nilipaswa kusema, mama, si tope, ni mimi. Badala yake nikasema, "Haya, mama, usiku mwema," basi likaenda. Dereva alikuwa ameniachia mkate wa duka, mzima, umefungwa kwa karatasi. Sikuufuturia. Kesho yake niliwatupia kunguru.

Baada ya hapo yule mama alikuwa akipita kila miezi miwili, mitatu, karani akikubali kumwandikia barua, kwenda mjini kuuliza habari za mumewe. Kila akipita ananisalimia. "Habari ya geti, bwana?" "Nzuri, mama. Mtoto hajambo?" Mtoto akaota meno. Mtoto akaanza kusimama juu ya kiti cha basi na kugonga kioo. Nami kisigino changu kikawa kinadanganya upande wa pili sasa. Nilikuwa nafungua mapema, barabara bado inateleza, hasa nikimwona yumo. Mara mbili bwana wa barabara alikuja akakuta mitaro, akanikaripia mpaka mate yakaruka. Nilisimama nikasikiliza. Niliona nastahili kukaripiwa na mtu, hata kama ni kwa kosa jingine.

Habari ya mumewe niliipata kwa dereva. Mwaka wa tatu huo. Alisimamisha basi, akaniambia huku anatazama usukani: yule wa gari la moshi amefia kambini, wanasema ni homa. Nikasema inna lillahi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine miwili, tukawa tunapeana sabuni na mafuta ya taa kwa adabu, na siku ile hatukuitaja kamwe mpaka akahamia njia nyingine. Na jina la Bwana Mlango halikutajwa tena. Ajabu ni kwamba nililikumbuka.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakaribia kwisha, na ile hali ya barua za ruhusa inalegea, mvua ilipotukuta mchana mmoja. Basi likasimama getini, abiria wakakimbilia kila mahali penye paa. Yule mama akaingia kibandani kwangu na binti yake, sasa msichana wa miaka mitano, meno ya mbele yameng'oka. Nikawapa chai. Mvua ilipopungua, msichana akatoka kwenda kuchungulia mkebe, watoto wote walipenda kuuchungulia. Nikabaki na mama yake. Nikaona nisipolisema leo nitakufa nalo.

"Mama, ile siku ya gari la moshi. Barabara ilikuwa imekauka tangu saa nne."

Alikuwa anakamua maji kwenye pindo la leso yake. Hakuacha.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Siku hiyohiyo. Watu wote wa basi walijua. Walikuwa wanasema huyu amekasirika juu ya mkate yake."

Nilikaa chini. Miaka mitano nilikuwa nikidhani nimebeba siri, kumbe basi zima lilikuwa nayo, na yeye mwenyewe aliyekosewa ndiye aliyekuwa nayo kwanza.

"Na bado ukaniambia asante. Na miaka yote hii unanisalimia."

"Napita hapa, bwana," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza bei ya viazi. "Wewe ndiye unafungua. Nikikukasirikia, nitapita wapi?"

Nikamwomba radhi. Nilimwomba vibaya, maneno yanagongana, machozi yananitoka mbele yake bila aibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia." Hakusema nimekusamehe, nami sikuwa na haki ya kumdai aseme. Kisha akachungulia nje, akaona mtoto anarudi, akashusha sauti.

"Kitu moja tu. Huyu nimemwambia baba yake alimwona. Akikuuliza, usiniharibie."

Msichana akaingia, miguu ina matope mpaka magotini. Akasimama mbele yangu, akanikagua toka juu mpaka chini.

"Ni wewe unafunguliaga basi?"

"Ni mimi."

"Siku mama alinipeleka kwa baba, ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Sisi tulifika mapema," akasema. Hakuwa anauliza, alikuwa ananipa habari. "Baba alinishika hivi." Akakunja mikono miwili kifuani, akaitikisa polepole. "Akacheka. Akasema, kumbe ni msichana." Kisha akaning'ang'ania kwa macho, anangoja mtu mzima akubali.

Mama yake alikuwa ametazama nje, upande wa mlima.

"Ndiyo," nikamwambia. "Barabara ilikuwa kavu siku ile. Mlipofika tu, niliwafungulia."